Mtini wa Kwenye Pipa Uliogoma Kupanda Lori

Wenzangu wa kwaya, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, lori likinguruma, mbele ya watu wote waliokuwa wamebaki kule kwetu. Nawaandikia haraka kabla habari haijawafikia kupitia kwa Mama Rehema, maana mnamjua yule mama, jambo akilisimulia hulitia chumvi mpaka halilambiki. Mimi nitawapa bila chumvi. (Kidogo tu, ya ladha.)

Ni kuhusu mtini wangu.

Ninyi mliohama na malori ya kwanza mnaukumbuka, ule wa kwenye pipa la lami nyuma ya jiko langu. Lakini nasikia kwaya imepata sauti mpya ambazo hazijawahi kufika kwangu, kwa hiyo nianzie mwanzo. Marehemu Baba Salome alikuwa mwashi. Alipokwenda kujenga ukuta kule misheni alirudi na kijiti kilichofungwa kwenye kitambaa chenye maji.

"Hiki nini?" nikamwuliza.

"Mtini. Ule unaotajwa kanisani."

Nikamwuliza unazaa lini, unapenda udongo gani, maua yake yana rangi gani.

"Mama Salome," akasema, "mimi nimepewa kijiti, sijapewa majibu."

Kuupanda ardhini haikuwezekana. Mnawajua mchwa wa kwetu. Ukilaza jembe chini, asubuhi unakuta chuma bila mpini. Basi akaomba pipa tupu kwa watu wa barabara, akaliwashia moto lami yote iishe, akatoboa tundu chini la kutoa maji, akalijaza udongo na samadi ya mbuzi, akachomeka kijiti chake. Majirani wakaja kutazama. Kwetu pipa ni la kutegea maji ya mvua, au ni la mtukuru. Wengine walikuja na vibuyu vyao kabisa, wakidhani kuna pombe inachachuka.

"Mmetengeneza nini humo?"

"Mti."

Waliondoka wamenuna.

Baba Salome hakuonja tunda hata moja, alitangulia kabla. Mti ukabaki na mimi, na mimi nikabaki na maswali. Nilikuwa nasubiri maua. Kila asubuhi nazunguka pipa natafuta ua. Hakuna. Siku moja nikaona vidude vya kijani vimejitokeza kwenye makwapa ya majani, nikasema huu ni ugonjwa, nikavinyofoa vyote. (Vyote! Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yangu ya kwanza.) Vikarudi. Safari hii nikaviacha, nione ugonjwa utaishia wapi. Ukaishia kuwa tini! Nikapasua moja kwa kisu kutafuta ua lake, na kumbe ua liko mle mle ndani, nyuzinyuzi nyekundu, limejifungia mlango. Nani aliwahi kuona tunda linalochanua ndani kwa ndani? Niliitazama tini ile mpaka ugali ukaungua.

Basi misimu hii ya mwisho, ambapo mvua ilitukimbia na maji tukawa tunayafuata mbali, mtini ukanawiri. Hapo sasa ndipo pa kushangaa. Mimi nilikuwa naupa maji niliyooshea vyombo tu, na vyombo vya mjane ni sufuria moja na sahani mbili. Lakini majani mapana! Tini kubwa, laini, tamu za kunata vidoleni! Mahindi yamekauka, mtama umejikunyata, mtini unang'aa. Nilikuwa najiuliza mchana na jioni, huyu anakunywa wapi?

Watu nao wakaanza kuniuliza siri. Ningesema sijui, yangeisha. Na kweli nilikuwa sijui. Lakini mtu akishakusifu, kusema hujui ni kazi ngumu. Nikajibu, "Ni mkono wangu tu." Nilimwambia hivyo mwinjilisti. Niliwaambia baadhi yenu pia, msijifanye mmesahau. Na nilimwambia Mzee Ntandu, balozi wetu wa nyumba kumi, jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Balozi alikuwa anapita kila siku kunisalimia. Salamu zenyewe alikuwa anazielekeza kwenye pipa.

"Tunda hili," alikuwa anasema akitafuna, "kanisani linatajwa, msikitini linatajwa. Mimi ni nani nilikatae?"

Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha Ujamaa. Mliisikia nanyi, haikuwa ombi. Lori litabeba watu, vyombo, kuku, mbuzi, milango, na mabati kwa aliyenayo. Mashamba na miti vinabaki, kule mbele kila mtu atapewa sawa na mwenzake. Mimi nikanyoosha mkono mkutanoni.

"Balozi, mtini wangu ni mti au ni chombo?"

Watu wakacheka. Mimi sikuwa nacheza. Nyumba aliyoijenga Baba Salome siwezi kuibeba. Kaburi lake siwezi kulibeba. Kitu alichokishika kwa mikono yake na bado kinaota kilikuwa kimoja tu, na kiko kwenye pipa. Nilimweleza Balozi hivyo hivyo mbele ya mkutano, na sauti ikanikatikia katikati. Kicheko kikaisha.

Balozi akakuna kidevu muda mrefu. Halafu akasema, "Mti ulioko ardhini ni shamba, na shamba linabaki. Mti ulioko ndani ya pipa, ambao haujagusa ardhi, huo ni mzigo. Mzigo unapanda lori." Akanitazama. "Mama Salome, mti wako umewahi kugusa ardhi?"

Nikasimama. Mkono juu. "Haujagusa hata siku moja tangu uletwe!"

Nikapigiwa makofi. (Likumbukeni hilo, maana leo nimeyarudisha yote.)

Sasa leo. Lori limefika asubuhi, jua halijakolea. Dereva anaitwa Hamisi, kijana wa Singida mjini, mcheshi, na utingo wake mmoja mrefu asiyesema sana. Nikamkaribisha Hamisi kwa sahani ya tini.

"Shikamoo mama. Hizi ndizo nini?"

"Marahaba mwanangu. Hizo ndizo tini. Onja."

Akaonja. Akafumba macho. "Mama! Hizi unazilisha nini?"

"Mkono wangu tu, mwanangu."

Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, akafuta vidole kwenye suruali. Mimi nimesimama pembeni, kichwa kimevimba.

Vyombo vikapandishwa. Milango, vinu, mitungi, magodoro ya majani, kuku wamefungwa miguu wanalaani kila mtu. Pipa langu niliomba liwe la mwisho, ili likae nyuma na lionekane njia nzima. Mti wenyewe nilikuwa nimeufunga khanga yangu mpya kiunoni matawi yasivunjike. Ulipendeza. Ulionekana unakwenda arusini.

Wanaume wanne wakalishika pipa. "Moja, mbili, tatu!"

Pipa halikujibu.

Wakaongezeka, wakawa sita. Halikujibu. Utingo akavua shati, akanitazama. "Mama, umejaza mawe?"

"Udongo tu, mwanangu. Na mbolea kidogo."

Wakalisukuma huku, wakalivuta kule. Balozi akaja mwenyewe kusimamia, mikono nyuma. Wakaleta boriti ya nyumba iliyokwisha bomolewa, wakaisokomeza chini ya pipa, wakaikandamiza wote kwa pamoja. Pipa likainuka upande mmoja, likalia, likagoma hapo hapo. Nikainama kuchungulia. Lile tundu alilolitoboa Baba Salome lilikuwa limepanuka na bati limechanika, na ndani yake umepita mzizi mnene sawa na mkono wangu, umeingia ardhini.

Balozi naye akainama. Vichwa vyetu nusura vigongane.

"Hii nini, Mama Salome?"

"Kamba," nikasema.

(Nisameheni. Ndilo neno lililokuja.)

"Kamba ina magome?"

"Kamba za misheni, Balozi, huwa..."

Sikuimaliza hiyo sentensi, na nashukuru. Watu walikuwa wameanza kucheka, lakini Balozi hakucheka. Akajinyoosha, akakung'uta magoti.

"Uliapa mbele ya mkutano," akasema. "Haujagusa hata siku moja, ulisema. Umegusa. Ni shamba."

Utingo akaanza kuvaa shati lake. Nilimshika Balozi mkono, jambo ambalo mnajua siwezi kulifanya kwa mzee kama yule.

"Balozi, nakuomba. Sikujua. Miaka yote nautazama juu natafuta maua, chini sikutazama. Balozi, huu ni wa Baba Salome."

Akautazama mti. Akazitazama tini mbili tatu zilizobaki zikining'inia juu ya khanga. Sijui alikuwa anamfikiria marehemu au analifikiria tumbo lake, lakini uso ukalainika.

"Dereva, panga lipo?"

"Lipo, mzee."

"Mzizi ukikatwa, mti haugusi ardhi tena. Wote mnakubali?"

"Tunakubali!"

Basi nimeokoka! Hamisi ameleta panga. Utingo amevua shati tena. Pigo moja tu na mambo yamekwisha, tunapanda, tunaondoka, na leo ningekuwa nawaandikia habari za vumbi la njiani. Panga limeinuliwa juu.

Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasema, "Subiri."

"Nini tena?" akauliza Balozi.

"Unaenda wapi?"

"Nani?"

"Mzizi. Hauendi chini. Tazama, umelala, umeelekea upande huu. Mzizi mnene hivi na ukame wote huu. Unafuata nini?" (Mama yangu aliniambia tangu utotoni kwamba maswali yangu yatanifikisha pabaya. Hakuniambia ni pabaya kiasi gani.)

Hamisi akashusha panga. Naye akainama. "Mzee," akamwambia Balozi, "mzizi ukinenepa hivi wakati wa kiangazi, umepata maji."

Maji! Neno hilo likapita kwenye umati, na watu waliokuwa wamekwisha kaa ndani ya lori wakaanza kushuka. Mnajua tulivyohangaika na maji. Mnajua vilevile moja ya sababu tuliyopewa ya kuhama ni kwamba kwetu hakuna maji. Balozi akasema taratibu, "Kama chini hapa kuna maji, naipeleka habari wilayani leo hii. Nitawaambia, kijiji na kije kwetu, badala ya sisi kukifuata."

Wanaume wakapanda lorini, wakayatoa majembe yaliyokuwa yamekwisha fungwa.

Tukachimba! Wenzangu, sijawahi kuona kazi ya kujitolea ya namna ile, hakuna aliyeandikwa jina wala aliyesukumwa. Mfereji ukatoka kwenye pipa, ukapita nyuma ya jiko langu, ukakata kona kidogo kukwepa mwamba. Mzizi uko palepale, haupungui. Mimi nilikuwa natembea mbele naonyesha njia kwa kidole, kandambili miguuni, sauti juu: "Huku! Huku jamani!" Akina mama wakaanza kuimba. Nilijisikia kulia kwa furaha. Nilisema, na wote walinisikia, "Baba Salome alijua! Alijua mti huu utatuonyesha maji!"

Tukafika kwenye ua wa minyaa. Wakakata minyaa miwili kwa uangalifu, utomvu wake usiruke machoni, wakapenya. Sasa tumo upande wa Balozi.

"Unanenepa!" mtu akapiga kelele.

Kweli, ulikuwa unanenepa. Na udongo ukabadilika rangi, ukawa mweusi. Balozi akaufinya ukashikana mkononi. Kila mtu akataka kuufinya. Ukapita mkono kwa mkono, akina baba, akina mama, wote wakitikisa vichwa kwa mshangao. Hamisi akaunusa.

"Una harufu kidogo," akasema.

"Maji ya chini huwa na harufu yake," nikamweleza. Nilisema kwa uhakika kabisa. Sijui niliutoa wapi huo uhakika.

Balozi akampokonya kijana mmoja jembe akachimba mwenyewe. Kanzu ameikunja kiunoni, jasho linamtiririka mpaka ndevuni. Aliyekuwa wa kwanza kunyamaza ni mke wake, Mama Rehema. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, mara ikakatika. Nikamwona anautazama mfereji tulikotoka, halafu anatazama mbele unakoelekea. Akautazama tena nyuma. Akatazama tena mbele.

"Baba Rehema," akaita. "Acha hapo."

"Tunakaribia!"

"Ndiyo maana nasema acha."

"Mwanamke, maji haya hapa chini ya..."

Jembe likazama lote mpaka mpinini. Bonge la udongo likaanguka kwa ndani, tukasikia linatua chini mahali penye majimaji. Halafu harufu ikapanda juu kutusalimia wote, bila kubagua.

Choo cha Balozi.

Tulikuwa tumetoboa ukuta wa shimo kwa nyuma. Na humo ndani, wenzangu, mtini wangu ulikuwa umejenga. Mizizi midogo imejaa ukutani, myeupe, yenye afya, imejitandaza pande zote kwa raha zake. Hata mimi mwenyewe, katikati ya aibu ile, nikajikuta nimejiziba pua na bado nachungulia. Nilikuwa nimelipata jibu langu.

Kuku peke yao ndio walioendelea kuongea.

Halafu nikaanza kuona watu wanakumbuka. Unamwona mtu macho yanakwenda juu, anahesabu. Mama mmoja akaweka kiganja tumboni. Utingo akaenda nyuma ya lori kutema mate, na yeye hakuonja hata moja!

"Mama," akasema Hamisi kwa sauti ndogo, "zile za asubuhi..."

"Ulilamba na sahani," utingo akamkumbusha kutoka nyuma ya lori.

Mama Rehema akanigeukia. Akaweka mikono kiunoni. Akauliza polepole, ili kila mtu asikie, "Mama Salome. Ulisema mkono wa nani?"

Wakaangua kicheko, jamani! Kicheko cha watu kuanguka chini. Nilitaka kujifunika uso kwa khanga, nikapapasa mabegani, hamna. Khanga iko kwenye mti. Nikabaki nimesimama na uso wangu hadharani. Mama Rehema hakuniachia. Alipomaliza na mimi akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa bado ameshika mpini wa jembe lililozama.

"Na wewe, Baba Rehema! Miaka yote unarudi unanisifia vya jirani. Tamu, tamu! Kumbe unarudishiwa chako!"

Hapo hata Balozi akaketi juu ya udongo. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Lakini niseme na hili. Kicheko kilipopungua, nikawaona wanaume wanayafuta majembe taratibu na kuyarudisha lorini. Hakukuwa na maji. Watu walikuwa wameshaamini kwa muda kwamba hatuhami, na mimi ndiye niliyewaaminisha, kwa kidole changu na sauti yangu. Hilo liliniuma kuliko choo. Choo ni aibu yangu na ya mti wangu, lakini maji yalikuwa ya wote.

Nikamwendea Balozi pale alipoketi. "Na mti?" nikauliza.

"Ni shamba!" mmoja akasema.

"Ni choo!" mwingine akadakia, wakaanza upya.

Balozi akanyoosha mkono watulie. Akapangusa macho kwa kanzu. "Nilisema mti uliogusa ardhi ni shamba," akasema. "Huu ardhi umepita tu. Umelala kwa Mama Salome, umekula kwangu. Anayelala nyumba moja na kula nyumba ya pili kwetu anaitwa nani?"

"Mtu wa nyumbani," akajibu Mama Rehema, kwa shingo upande.

"Basi si shamba, wala si mzigo. Na watu wanapanda lori."

Akachukua panga, akaukata mzizi mwenyewe. Maziwa meupe yakachuruzika chini ya pipa. Mimi nikapunguza matawi ya juu, maana nilifikiri, mti uliopoteza mdomo mkubwa vile hauwezi kulisha majani yote yale. Matawi yakalala chini. Nilipogeuka kuyakusanya sikuyakuta. Akina mama walikuwa wameyaokota, wanasema ni ya kuni. Kuni mbichi! Mama Rehema matatu yake aliyaficha chini ya khanga, akidhani sikumwona. Niliona, nikanyamaza, maana leo sikuwa na mdomo wa kumsema mtu.

Pipa likapanda, wanaume sita, wameziba pua kwa mabega. Safarini watu wote walijibana mbele ya lori, wamekaliana magoti, na mimi nikakaa nyuma na mti wangu, nafasi tele, miguu nimeinyoosha. Lori lilipokata kona pale kwetu nikaliona kaburi la Baba Salome kwa mara ya mwisho kabla halijafichwa na minyaa. Nikalia. Watu wakadhani ni aibu. Nusu ilikuwa aibu.

Tumefika alasiri. Viwanja vimepimwa kwa kamba, vimenyooka, havina kona wala mwamba, na Balozi bado ni jirani yangu kwa sababu tumepangwa kama tulivyokuwa. Tumekutana na agizo lile lile mliloambiwa ninyi: kila kaya ichimbe choo kwanza, nyumba baadaye. Nimewasihi vijana waliweke pipa langu juu ya mawe matatu, kila mtu aweze kuchungulia chini na kuona mwanga upande wa pili. Nimejifunza. Nikaumwagia mti maji yangu ya kunywa, nikakaa nikiutazama kama utakufa. Majani yamelegea, lakini kileleni kuna moja dogo ambalo bado limesimama.

Hapo ndipo Balozi alipokuja, jembe begani. Akalizunguka pipa. Akainama, akayatazama mawe.

"Haya ya nini?"

"Ili usiguse ardhi tena, Balozi. Usikuaibishe tena."

Akaguna. Akageuka kutazama kama Mama Rehema yuko mbali. Yuko mbali. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Mama Salome, mimi nataka kuanza kuchimba choo sasa hivi. Hebu toa hayo mawe, halafu nionyeshe, lile tundu linatazama upande gani?"

Mawe nimeyatoa. Na ninyi huko mliko, atakayecheka, tini zikiiva asinijie na kikapu.